Kijiko Alichokikataa Kashata

(Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la kijani, la wakati nilipokuwa mwalimu mgeni mjini Migori, miaka ya tisini. Nayanakili hapa kwenye blogu kama nilivyoyaandika siku ile, hata pale ninapojiaibisha.)

Jumapili, alasiri.

Mvua ilinyesha alfajiri ikalaza vumbi lote la barabara. Sasa jua limetoka na mabati yanatoa mvuke. Nimefua, nimedeki, nimepanga vitabu vya wanafunzi mezani kwa ukubwa wake, kisha nikavipanga tena bila sababu. Nina furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Wacha niandike sasa hivi, kabla moyo haujatulia sana. Ukishatulia nitaanza kujipendelea.

Nilimpeleka paka wa watu akachanjwa bila ruhusa.

Paka mwenyewe anaitwa Kashata. Ni dume, mgongo wake una rangi ya sukari iliyoungua na tumbo ni jeupe. Mwenye paka ni Mama Zuhura, mwenye nyumba wangu, mama wa Mombasa anayeuza leso na vitambaa katika duka la mbele. Mimi nimepanga chumba cha nyuma. Nilipohamishiwa shule ya hapa kutoka kwetu Kehancha, sikumjua mtu hata mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza kama nimekula.

Kashata aliletwa na marehemu mume wake. Alikuwa amekwenda kisiwani Mfangano kwa shughuli zake, akarudi na kipaka ndani ya mfuko wa koti. Mwaka ule haukwisha, mzee akafariki. Mama Zuhura hamtaji mumewe sana, lakini kila jioni nikianua nguo uani humsikia dukani akimsimulia paka mambo ya siku nzima: nani alipita, nani alijifanya hakumwona, nani ameozesha mwana.

Karibu miezi miwili iliyopita alisafiri Mombasa kwa binti yake Zuhura, aliyekuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Alifunga duka, akanikabidhi ufunguo na paka.

"Mwanangu Boke," aliniambia, "duka likiibiwa, Mungu atanipa jingine. Huyu nisimkose. Asivuke barabara. Asishikeshikwe na watu."

Nikaitikia. Niliitikia vizuri kabisa, kwa sauti ya mwalimu.

Basi Jumatatu iliyopita mbwa mwenye kichaa akamuuma ndama nyuma ya soko. Mbwa aliuawa siku ile ile, lakini hakuna aliyejua ni wanyama gani wengine aliokutana nao njiani. Kesho yake gari la idara ya mifugo likapita na kipaza sauti: mbwa wote na paka wote wapelekwe kiwanja cha chifu siku ya Ijumaa wachanjwe bure. Na Kashata, kila jioni, hukaa juu ya ukuta wetu wa nyuma, mahali ambapo mbwa wa mtaa mzima hupita.

Ningeweza kumpigia Mama Zuhura simu nikamwomba ruhusa. Posta haiko mbali. Nilikuwa na siku tatu nzima.

Sikupiga kwa sababu nilijua atakataa.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko mengine yote. Sikusahau wala sikukosa nafasi. Nilijua jibu lake nikaamua kutolisikia.

Ijumaa baada ya masomo nikamtia Kashata kwenye kikapu, nikafunika kwa leso, nikafunga kwa kamba ya katani. Kiwanja cha chifu kilikuwa kimejaa mbwa. Mbwa wa kamba, mbwa wa minyororo, mbwa wa kubebwa mabegani kama kondoo. Nilipopanga foleni na kikapu changu, mzee mmoja mbele yangu aligeuka akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani wanachanja kuku pia?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ningefanya nini?

Zamu yetu ilipofika nikafungua kamba. Kashata akatoka polepole, akasimama juu ya meza, akautazama umma ule wa mbwa kama naibu wa mwalimu mkuu anavyotazama darasa lenye kelele. Naapa kelele zilipungua. Kuna jibwa moja jeusi, kubwa kama ndama, lilirudi nyuma likajificha katikati ya miguu ya bwana wake.

Aliyekuwa na sindano ni msichana wa idara ya mifugo, Achieng, amevaa gambuti na koti jeupe lenye madoa. Alimshika Kashata ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, akamdunga kwa mkono wa pili, na kabla sijavuta pumzi alikuwa amemaliza. Kashata alimwachia mikwaruzo mitatu kwenye kifundo cha mkono. Achieng aliiangalia, akaipaka dawa, akasema, "Huyu ako sawa kabisa." Akanipa kadi ya chanjo. Palipoandikwa jina la mwenye mnyama nilibabaika kidogo, kisha nikaandika la Mama Zuhura.

Nilirudi nyumbani najisikia shujaa.

Ushujaa wenyewe ulidumu mpaka Jumamosi asubuhi.

Kwa kawaida nikifungua mlango wa nyuma wa duka, Kashata huwa ameshafika mlangoni analalamika. Jana hakuja. Nilimkuta nyuma ya majora ya vitambaa, amejikunja, macho nusu wazi. Nilimwekea omena, dagaa wa ziwani. Hakuinua hata kichwa. Nilimgusa masikio, yalikuwa ya moto. Alipojaribu kusogea niliona anachechemea mguu wa nyuma, upande uliodungwa, na nilipopapasa nikakuta uvimbe mdogo, kama punje ya haragwe chini ya ngozi.

Nilikaa chini sakafuni katikati ya leso za watu. Nilimfikiria Mama Zuhura akifungua mlango ule, akiita.

Nitamwambia nini? Kwamba duka lipo salama?

Wakati huo huo Mama Akoth akaingia uani. Mama Akoth ni jirani yetu wa ukuta, anauza omena, na ndiye anayemletea Kashata fungu lake kila Jumamosi. Ni mwanamke ambaye hawezi kumwona mtu na shida akapita. Alipiga magoti pembeni yangu, akaweka kiganja kwenye kichwa cha paka kama anavyowafanyia watoto wake.

"Wuololo! Mwalimu, huyu ako na homa. Ni ile sindano."

"Nifanye nini, Mama Akoth?"

"Si umpee dawa? Ile tembe nyeupe ya kichwa. Lakini usimpee yote, ni mdogo. Vunja robo, saga, changanya na maziwa."

Ilionekana busara tupu. Homa ni homa. Mimi mwenyewe nikipata homa hunywa mbili nikalala. Nilikuwa na kidonge kimoja tu ndani ya mkoba. Nikakivunja, nikasaga robo kwa mgongo wa kijiko, nikaongeza maziwa ya uvuguvugu. Mama Akoth alinishikia paka, nami nikampelekea kijiko mdomoni.

Kashata alifunga meno.

Nikajaribu kwa pembeni. Akageuza uso. Nikambembeleza kwa Kikuria, lugha ninayozungumza naye wakati hakuna mtu. Akanitazama, halafu kwa paw—hapana, nimefundisha Kiswahili miaka mitatu, wacha niandike vizuri: kwa mkono wake wa kulia alikipiga kijiko kile kikaruka. Maziwa yote yakamwagikia gauni langu.

"Kichwa ngumu huyu," akasema Mama Akoth. "Enda uulize yule msichana wa sindano, akuonyeshe vile wanafungulia paka mdomo. Mimi nitakaa na yeye."

Nilikwenda mbio, na gauni langu na maziwa yake. Nataka niliandike hili waziwazi, maana nikija kulisimulia baadaye najua nitalipamba: sikwenda kuuliza kama dawa ile inafaa. Nilikwenda kuuliza namna ya kumlazimisha aimeze. Zile robo tatu zilizobaki nilikuwa nazo mkononi, nimezifunga kwa karatasi.

Ofisi ya mifugo ni mwendo wa dakika kumi. Nilimkuta Achieng anapakia kisanduku cha barafu kwenye gari. Walikuwa wanaelekea Homa Bay kuendelea na chanjo huko. Dereva alishawasha injini.

Nikamweleza yote kwa pumzi moja: hali chakula, masikio ya moto, mguu, uvimbe. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, bila wasiwasi, huku akikaza kamba ya kisanduku.

"Hiyo ni kawaida, mwalimu. Wengine wanakuwa hivyo siku moja, siku mbili. Mwili umekutana na kitu kigeni, unajifunza kupigana nacho. Ataamka tu."

"Basi nionyeshe vile nitamfungua mdomo nimpe dawa."

"Dawa gani?"

Nikafungua karatasi.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Aliiacha kamba.

"Amemeza?"

"Hapana, ali—"

"Mwalimu, amemeza hata kidogo?"

"Hapana! Alikipiga kijiko. Yote iko hapa." Nikamwonyesha gauni.

Alitazama lile doa muda mrefu, kisha akashusha pumzi. "Hiyo ni parasetamoli. Kwa mtu ni sawa. Kwa paka ni sumu. Hata hiyo robo ingemuua. Mwili wake hauwezi kuivunja, damu inaharibika, anakosa hewa. Hata sisi hapa hatungekuwa na la kufanya."

Niliona tu kile kijiko, na mkono wangu ukikisukuma.

Paka hakuwa hatarini kwa sababu ya sindano. Alikuwa hatarini kwa sababu yangu.

Achieng alimwambia dereva kitu kwa Kijaluo. Dereva akatazama saa yake, akazima injini. "Twende nimwone," akaniambia. "Haraka lakini. Homa Bay wananingoja."

Hakuwa na wajibu wa kuja. Hilo sitalisahau.

Nyumbani alimkuta Mama Akoth amempakata Kashata. Alimfungua mdomo kwa vidole viwili tu, kana kwamba anafungua pochi, akatazama ufizi. Ulikuwa wa waridi, mzuri. Akamhesabia pumzi, akamgusa uvimbe bila kuubonyeza. Kashata, aliyenigomea mimi asubuhi nzima, alitulia kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi.

"Usiukande huo uvimbe," Achieng akaniambia. "Mwache alale mahali hapana kelele. Maji safi karibu na yeye. Samaki mpashie moto kidogo anuse harufu, lakini usimlazimishe. Akivimba uso, akitapika tena na tena, ama akihema kwa shida, usingoje, mlete ofisini, kuna mtu. Kama kesho kutwa bado hali, mlete. Uvimbe ukizidi kukua badala ya kupungua, mlete pia. Na dawa ya mtu..."

"Sitampa."

"Sitampa bila kuuliza," akanisahihisha. Mimi, mwalimu, nikarudia maneno yake neno kwa neno.

Alipoondoka, Mama Akoth alikuwa bado amekaa pale pale. Alikuwa amesikia yote. Kwa muda alikuwa anazungusha pete kidoleni.

"Mwaka jana," akasema, "ule paka wangu mweupe alishikwa na homa. Nilimpea. Nusu." Akaivua ile pete, akaivaa tena. "Nikafikiri ni ugonjwa umemmaliza."

Nikaenda nikakaa karibu naye, mabega yetu yakagusana, tukamtazama Kashata akilala. Baada ya muda nikamwambia, "Hukujua." Akasema, "Sikujua." Hapo akainuka, akajifunga leso upya kiunoni, akasema anarudi sokoni kabla omena wake hawajageuka wa mtu mwingine.

Nikabaki na kazi niliyokuwa nimeikimbia tangu Jumanne.

Nilikwenda Posta. Nilingoja zamu yangu nje ya kibanda cha simu nikitunga hotuba. Hotuba ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho, kama ninavyowafundisha darasa la saba. Simu ilipokelewa na Mama Zuhura mwenyewe, na nyuma yake nikasikia kilio cha mtoto, kikali, cha kuchana masikio.

Hotuba yote ikapotea.

"Mama, nilimpeleka Kashata akachanjwa. Ulinikataza asivuke barabara nikamvusha. Kulikuwa na mbwa wa kichaa. Sasa ana homa na hali chakula. Daktari amesema atapona. Na nusura nimpe dawa ya sumu, lakini hakumeza. Nisamehe."

Mtoto tu, analia.

"Boke."

"Naam, Mama."

"Wamsikia huyu?"

"Namsikia."

"Ni mjukuu wangu. Jana tumempeleka kliniki, amedungwa sindano ya paja. Yuwalia tangu hapo. Mwili moto, ziwa hataki, paja limevimba, hataki kuguswa." Nikamsikia anahamisha mtoto begani. "Na mimi hapa nimekasirika na Zuhura tangu jana. Nimemwambia, mtoto mzima kama huyu wamtia maradhi kwa mkono wako! Usiku kucha sikumsemesha."

Nilishikilia mkonga wa simu kwa mikono miwili. Sikujua kama naruhusiwa kucheka.

"Na Zuhura anasema nini?"

"Asema nesi kamwambia ni kawaida. Ni siku mbili." Akambembeleza mtoto kidogo. "Na huyo daktari wako asema vipi?"

"Ni kawaida, Mama. Siku mbili."

Hapo akaangua kicheko. Kile kicheko chake cha kutoka tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia kwa karibu miezi miwili, na ambacho sikujua kama nimekitamani kiasi kile. Alimwita Zuhura kwa sauti, "Njoo usikie! Na Kashata naye kadungwa!" Nikamsikia Zuhura kwa mbali akicheka na kulia kwa pamoja, kama watu wafanyavyo wakishakosa usingizi.

Kisha Mama Zuhura akarudi, sauti yake ikiwa chini.

"Ningekataa, wajua."

"Najua, Mama. Ndiyo sababu sikuuliza."

"Na ningekosea. Lakini mara nyingine niulize nikatae, halafu tugombane. Heri nigombane nawe kuliko kufichwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya. Nenda kakae na mwanangu."

Nilitoka kwenye kibanda kile macho yangu yakiwa na maji. Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinipa pole, akidhani nimepokea habari za msiba. Nikamwambia hapana, ni mjukuu. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Jana mchana wote nilikaa dukani na madaftari ya insha, nikisahihisha kwa kalamu nyekundu huku jicho moja liko kwa paka. Saa kumi hivi aliinuka, akachechemea hadi kwenye bakuli, akanywa maji. Nilihesabu kila mlambo mpaka nikachanganyikiwa. Halafu akarudi kulala, safari hii si nyuma ya majora bali juu yake, kwenye kitambaa cha bei ghali ambacho Mama Zuhura hataki hata wateja wakishike. Nilimwacha. Nitakitoa manyoya kabla hajafika.

Na leo asubuhi, kabla hata sijageuza ufunguo, nilisikia malalamiko upande wa pili wa mlango.

Alikula omena wote niliompashia. Akataka wengine. Nikampa, akala, akanitazama kama mtu aliyehudumiwa kwenye hoteli mbovu. Masikio yamepoa. Mguu anaukanyagia vizuri. Uvimbe upo bado, mdogo zaidi, nami siugusi. Mama Akoth alipita akitoka kanisani, akamwona amekaa dirishani, akapiga kigelegele kifupi barabarani bila kujali anayemtazama. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo ni lini lile gari la chanjo litarudi, maana kuna binamu yake mjini Rongo ambaye paka wake amezaa, na yeye anafikiria kuchukua mmoja.

Nilimwambia nitauliza. Nitauliza kweli.

Mwanzoni nilidhani leo nitaandika juu ya paka. Naona nimeandika zaidi juu ya mtu anayependa kutenda mema bila kumuuliza mwenye kitu, wala mwenye ujuzi. Mtu huyo ni mimi, na si kwa paka tu. Nimewahi kumhamisha mwanafunzi dawati, nimewahi kumjibia mama yangu barua, nimewahi kumkubalia mdogo wangu posa ya watu wasiofaa, yote kwa nia njema. Je, wangapi walikosa nguvu ya kukipiga kijiko changu kikaruka?

Swali hilo sitalimaliza leo.

Lakini kesho, kabla ya somo la insha, nitawasimulia darasa la saba habari ya kidonge cheupe. Wote thelathini na tisa wakaiseme majumbani mwao, kwa Kijaluo, kwa Kikuria, kwa lugha yoyote itakayosikika. Naona hiyo itakuwa kazi bora kuliko ngeli za nomino.

Sasa lazima niache kuandika. Kashata amepanda mezani akalala juu ya madaftari ambayo bado sijayasahihisha, tumbo lake jeupe linapanda na kushuka vizuri, na sina moyo wa kumwondoa.